Je, Kipimo cha Damu Kinaweza Kuonyesha Nani Yuko Hatarini Kujitoa Uhai?

Mtu akifika zahanati akiwa na homa, hutolewa tone la damu kidoleni na baada ya dakika chache hujulikana kama ana malaria. Mwenye dalili za kisukari hupimwa sukari. Mama mjamzito hupimwa presha na wingi wa damu. Kwa hivyo si ajabu kwamba familia inayomleta mgonjwa wa sonona hospitalini huuliza swali hili: daktari, hakuna kipimo cha kutuonyesha kama mtu wetu anaweza kujidhuru?

Jibu ni kwamba hakuna. Hadi leo hakuna kipimo cha damu, cha mkojo, cha mate wala picha ya ubongo kinachotumika kwa kawaida katika hospitali yoyote duniani kutambua ni mgonjwa yupi atajaribu kujitoa uhai. Hata hivyo, wanasayansi wamekuwa wakikitafuta kipimo hicho kwa karibu miaka 50, na waliyoyagundua njiani yana manufaa kwa kila familia. Makala haya yanaeleza yaliyogunduliwa, kwa nini hayajawa kipimo, na jambo ambalo mwananchi anaweza kulifanya leo bila maabara.

Ukubwa wa tatizo

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba zaidi ya watu 700,000 hujitoa uhai kila mwaka duniani. Takriban robo tatu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi hizo. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, kujitoa uhai ni mojawapo ya sababu kuu za vifo. Kwa kila anayefariki, kuna wengine wengi zaidi waliojaribu wakanusurika.

Sonona ni ugonjwa unaohusishwa sana na vifo hivi. Wengi huuita msongo wa mawazo, lakini sonona ni zaidi ya mawazo ya siku mbili tatu. Mgonjwa hukaa wiki mbili au zaidi akiwa na huzuni nzito au akiwa amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda. Usingizi hubadilika, chakula hakipiti au anakula kupita kiasi, mwili unachoka, na anajiona hana thamani. Ni muhimu kuelewa jambo moja: wagonjwa wengi wa sonona hawajitoi uhai. Swali lililowasumbua watafiti ni hili: kati ya wagonjwa wawili wenye huzuni ile ile, kwa nini mmoja hujaribu na mwingine hajaribu?

Kiashiria cha kibayolojia ni nini?

Kiashiria cha kibayolojia ni kitu chochote mwilini kinachoweza kupimwa na kikatoa habari kuhusu ugonjwa. Sukari iliyo kwenye damu ni kiashiria cha kisukari. Idadi ya virusi kwenye damu humwonyesha daktari kama dawa za HIV zinafanya kazi. Kwa upande wa kujitoa uhai, watafiti wametafuta viashiria katika sehemu kuu nne: kemikali za ubongo, homoni za mwili zinazotolewa wakati wa shida, kinga ya mwili, na jeni tunazorithi kwa wazazi.

Serotonini: ugunduzi wa Stockholm

Seli za ubongo huwasiliana kwa kutumia kemikali. Moja kati ya hizo ni serotonini, ambayo husaidia kutuliza hisia na kumpa mtu uwezo wa kujizuia kabla ya kutenda. Serotonini ikishatumika, huvunjwavunjwa na kuacha mabaki ambayo huonekana katika maji ya uti wa mgongo.

Mwaka 1976, daktari Marie Åsberg na wenzake wa Stockholm, Sweden, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 68 wa sonona. Waliona kwamba wagonjwa waliokuwa na mabaki machache ya serotonini walikuwa wamejaribu kujitoa uhai mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Ugunduzi huo ulifungua mlango wa utafiti ambao haujafungwa hadi leo. Uchunguzi wa baadaye wa ubongo wa watu waliofariki kwa kujitoa uhai ulionyesha mabadiliko ya serotonini katika sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotusaidia kujizuia na kupima matokeo ya tendo.

Baadaye ilionekana pia kwamba serotonini ndogo haikuhusiana tu na huzuni. Ilihusiana zaidi na kutenda kwa ghafla, bila kufikiri mara mbili, hata kwa watu wenye magonjwa mengine ya akili. Daktari John Mann na wenzake wa New York walieleza mwaka 1999 kwamba mambo mawili hukutana: upo mzigo unaomlemea mtu, kama vile sonona yenyewe, kufiwa au kupoteza kazi, na upo udhaifu wa ndani unaomfanya ashindwe kujizuia mzigo unapozidi. Hii ndiyo sababu watu wawili wanaweza kupata pigo moja na wakaitikia kwa njia tofauti. Anayejaribu si mwoga wala mpumbavu. Breki zake za ndani zimelegea wakati ambapo mteremko ni mkali.

Homoni ya shida

Mtu anapokabili hatari, tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni inayoitwa kotisoli. Homoni hii huupa mwili nguvu za kupambana au kukimbia. Hatari ikipita, ubongo hutoa amri na kotisoli hushuka. Kwa baadhi ya wagonjwa wa sonona amri hiyo haifanyi kazi vizuri, na mwili hukaa kana kwamba hatari haijaondoka.

Kuna njia ya kupima jambo hili. Mgonjwa humeza kiasi kidogo cha dawa iitwayo deksamethasoni usiku, na kesho yake kotisoli hupimwa kwenye damu. Kwa kawaida dawa hiyo hufanya kotisoli ishuke. Isiposhuka, mfumo una hitilafu. Watafiti wa Iowa, Marekani, waliwafuatilia kwa miaka 15 wagonjwa 78 waliokuwa wamelazwa kwa sonona na magonjwa yanayokaribiana nayo. Katika ripoti yao ya mwaka 2001 walikadiria kwamba hatari ya kufariki kwa kujitoa uhai ilikuwa asilimia 26.8 kwa wale ambao kotisoli yao haikushuka, na asilimia 2.9 kwa wale ambao ilishuka.

Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini wagonjwa 78 ni wachache, na si kila uchunguzi uliofuata ulipata matokeo hayo. Tena, kipimo hiki huvurugwa na mambo mengi: pombe, kupungua uzito, na baadhi ya dawa nyingine.

Kinga ya mwili na jeni

Mwili unapopambana na maambukizi au jeraha, hutoa kemikali za kinga. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, waliripoti kwamba mojawapo ya kemikali hizo ilikuwa juu katika maji ya uti wa mgongo ya watu waliojaribu kujitoa uhai, ikilinganishwa na watu wenye afya. Huu ni ushahidi mwingine kwamba akili na mwili havitengani, na kwamba mgonjwa wa sonona anaposema mwili wote unamuuma, hasingizii.

Kuhusu kurithi, tafiti za mapacha na za watoto waliolelewa na wazazi wasiowazaa zimeonyesha kwamba hatari ya kujitoa uhai huelekea kuonekana zaidi katika baadhi ya familia, na sehemu ya hatari hiyo hurithiwa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana walitaja jeni kadhaa ambazo utendaji wake kwenye damu ulibadilika kwa wagonjwa wenye mawazo ya kujitoa uhai. Mwaka uliofuata wenzao wa Johns Hopkins walitaja jeni nyingine inayohusika na jinsi mwili unavyoitikia shida. Vyombo vya habari vilitangaza kwamba kipimo cha damu kiko karibu. Zaidi ya miaka kumi imepita na hakijafika hospitalini.

Hapa familia nyingi hushikwa na hofu, hasa zile ambazo zimewahi kumpoteza mtu kwa njia hii. Hofu hiyo inaeleweka, lakini kinachorithiwa ni uwezekano tu. Mtoto wa mwenye presha hahukumiwi kuugua presha. Hushauriwa apimwe mapema na ajitunze. Ndivyo ilivyo hapa pia. Historia ya familia ni sababu ya kutafuta msaada mapema, na ni vizuri mhudumu wa afya aelezwe waziwazi badala ya kufichwa. Wala historia hiyo si laana ya ukoo, na hakuna sababu ya kumnyima mtu ndoa au kazi kwa ajili yake.

Kwa nini bado hakuna kipimo?

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme kuna wagonjwa 1,000 wa sonona, na katika mwaka mmoja 10 kati yao watajaribu kujitoa uhai. Tuseme pia tuna kipimo kizuri: kinawatambua 8 kati ya kila 10 walio hatarini, na kinakosea kwa 2 tu kati ya kila 10 wasio hatarini.

Kipimo hicho kitawapata watu 8 kati ya wale 10. Lakini katika wale 990 waliobaki, kitawataja kimakosa watu 198. Jumla ya watakaoambiwa wako hatarini ni 206, na kati yao ni 8 tu walio hatarini kweli, yaani karibu mmoja kati ya 26. Na wale wawili waliobaki wataambiwa wako salama, warudi nyumbani. Kwa familia za hao wawili, kipimo hicho kitakuwa kimefanya madhara kuliko kutokuwepo kabisa.

Ziko sababu nyingine. Kutoa maji ya uti wa mgongo si jambo la kufanywa kliniki kila mwezi. Hatari ya kujitoa uhai pia hupanda na kushuka ndani ya siku au hata saa, ilhali vipimo vingi huonyesha hali ya wakati mmoja tu. Aidha, sehemu kubwa ya tafiti hizi imefanywa Ulaya na Marekani, na Waafrika wameshirikishwa kwa uchache mno. Hali hiyo imeanza kubadilika. Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini zimeshiriki katika utafiti wa jeni unaoitwa NeuroGAP-Psychosis, ingawa huo unahusu magonjwa mengine makubwa ya akili na si sonona.

Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 365 zilizofanywa kwa muda wa miaka 50. Walikuta kwamba hakuna sababu moja ya hatari, iwe ya mwilini au ya maisha, iliyoweza kutabiri kwa uhakika nani atajitoa uhai. Utabiri ulizidi kubahatisha kwa kiasi kidogo tu.

Basi damu hupimwa ya nini?

Mgonjwa mwenye dalili za sonona anaweza kuagizwa kupimwa damu, na asikatae. Kipimo hicho hakitafuti mawazo ya kujidhuru. Kinatafuta magonjwa ya mwili yanayofanana na sonona au kuizidisha, kama vile hitilafu ya tezi ya shingoni, upungufu wa damu, ukosefu wa baadhi ya vitamini, kisukari au maambukizi. Yakipatikana, hutibiwa.

Kipimo kilichopo: kuuliza

Chombo kinachotumiwa sana na wahudumu wa afya ni karatasi ya maswali tisa ijulikanayo kama PHQ-9, ambayo imetafsiriwa kwa Kiswahili na kufanyiwa majaribio hapa nchini. Inauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: hamu ya kufanya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, chakula, kujilaumu, umakini na mwendo. Swali la tisa linauliza kama mtu amekuwa na mawazo kwamba ni heri afe, au ya kujidhuru. Mtu akijibu ndiyo, hata kama ni kwa siku chache, mhudumu hapaswi kuliruka jibu hilo.

Wengi huogopa kuuliza wakidhani watampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Tafiti zimeonyesha kinyume chake. Kuuliza hakupandi wazo hilo, na mara nyingi humpunguzia mtu mzigo kwa kuwa amepata mahali pa kuutua. Kinachohitajika ni utulivu na heshima. Mhudumu wa afya ya jamii aliyemtembelea mama asiyelala anaweza kusema hivi: "Mama, umeniambia tangu ufiwe hupati usingizi na huoni faida ya kuamka. Watu wengi wakifikia hapo huona heri wasingekuwepo. Je, wewe umepata mawazo ya kutaka kufa au kujidhuru?" Kisha anyamaze asikilize.

Akijibu ndiyo, mambo manne yafanywe. Kwanza, asiachwe peke yake. Pili, asihubiriwe, asikemewe wala kuambiwa ajikaze, asikilizwe. Tatu, vitu ambavyo vinaweza kumdhuru, hasa dawa za mashambani na akiba ya dawa za hospitali, viondolewe karibu au vifungiwe na mtu mwingine awe na ufunguo. Hatua hii huokoa maisha kwa sababu wimbi la hamu ya kujidhuru mara nyingi hupita likipewa muda. Nchini Sri Lanka, vifo vya kujitoa uhai vilipungua sana baada ya serikali kupiga marufuku dawa za mashambani zilizo hatari zaidi. Nne, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Dalili za kuangalia nyumbani ni pamoja na kusema kwamba yeye ni mzigo kwa wengine, kuaga watu au kugawa vitu anavyovipenda, kujitenga, kuongeza pombe, kukosa usingizi kabisa, na utulivu wa ghafla baada ya kipindi kirefu cha taabu. Aliyewahi kujaribu siku za nyuma anahitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi, kwani jaribio la awali ni mojawapo ya dalili nzito kuliko zote.

Matibabu yapo

Sonona hutibika. Kwa wengi, mazungumzo na mshauri aliyefunzwa yanatosha. Wengine huhitaji dawa, na nyingi kati ya dawa hizo huathiri ile serotonini iliyochunguzwa Stockholm. Mgonjwa na familia yake wajue mambo matatu. Dawa hazifanyi kazi siku hiyo hiyo. Huchukua wiki kadhaa. Katika wiki za mwanzo, hasa kwa walio chini ya miaka 25, mgonjwa aangaliwe kwa karibu, maana kwa baadhi yao mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka kabla ya nafuu kuja. Na asiache dawa ghafla kwa sababu anajisikia vizuri. Azungumze na daktari kwanza.

Sheria imebadilika

Kwa miaka mingi, familia zilificha jaribio la kujitoa uhai kwa kuogopa polisi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujitoa uhai kuwa kosa, na aliyepatikana na hatia angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Mwezi Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Aliyenusurika anahitaji daktari na watu wake, na hofu ya kushtakiwa isimcheleweshe mtu yeyote kufika hospitalini.

Pa kupata msaada

Anza na kituo kilicho karibu nawe, iwe zahanati, kituo cha afya au hospitali ya kaunti ndogo. Eleza shida waziwazi. Kama huduma haipo hapo, utaandikiwa barua ya rufaa. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako pia anaweza kukusindikiza. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina simu ya msaada, nambari 1199, ambayo haitozwi malipo. Shirika la Befrienders Kenya nalo husikiliza watu walio katika dhiki. Kama mtu tayari amejidhuru, usingoje simu: mpeleke hospitali iliyo karibu mara moja.

Huenda siku moja tone la damu likamwonyesha daktari nani anahitaji kuangaliwa zaidi. Hadi siku hiyo, anayejua kwamba ndugu yake amebadilika ni yule anayekula naye, anayelala naye nyumba moja au anayefanya naye kazi. Swali lake la dhati, likiulizwa mapema na kwa upole, linaweza kumfikisha mgonjwa kwa daktari akiwa hai.